KUTOA ALAMA ZA HAKI KATIKA MASHINDANO YA PICHA: FILAMU NA DIJITALI SHULENI

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuwa mwamuzi wa haki katika mashindano ya picha, ambamo baadhi ya washiriki wametumia kamera za filamu na wengine kamera za dijitali, hususan zile zilizomo ndani ya simu za mkononi. Yamkini mwanachuo atajiuliza: jambo hili linamhusu nini mwalimu wa Kasulu au Kibondo, ambaye pengine darasa lake lina upungufu wa madawati na vitabu?

Linamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, picha zimekwisha kuingia shuleni, tupende tusipende. Siku ya wazazi, siku ya mahafali ya darasa la saba, na hata siku ya kupanda miti, hakosekani mtu mwenye simu yenye kamera, na mara nyingi watoto ndio wanaoijua zaidi kuliko wakubwa wao. Pili, mashindano ya namna hii ni kipimo kizuri cha mwalimu mwenyewe. Anayeweza kutoa alama za haki kwa picha mbili zilizotengenezwa kwa vyombo viwili tofauti, ndiye atakayeweza kutoa alama za haki kwa insha mbili, moja iliyoandikwa kwa kalamu nzuri katika daftari safi, na nyingine kwa kipande cha penseli katika karatasi zilizokunjamana.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufundisha.

Kosa Letu

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa waamuzi watatu katika onyesho la shule moja ya msingi iliyoko katika nyanda za juu kati ya Kasulu na Kibondo. Wanafunzi walikuwa wameambiwa walete picha zenye mada "Kazi za asubuhi nyumbani". Zilibandikwa ukutani picha 18, na chini ya kila picha liliandikwa jina la mwanafunzi, darasa lake, na chombo alichotumia. Picha 3 tu zilikuwa za filamu. Zote zilipigwa kwa kamera moja ya zamani ya mzazi mmoja, na filamu yake ikapelekwa mbali kusafishwa. Zilizobaki zilipigwa kwa simu, nyingi zikiwa za kuazima.

Miongoni mwa hizo za simu ilikuwapo moja iliyotushangaza. Mwanafunzi wa darasa la sita alikuwa amempiga picha bibi yake akipepeta maharage uani. Ukungu wa asubuhi, ambao wenyeji wa nyanda hizi wanaujua vizuri, ulikuwa umeifunika migomba iliyo nyuma, na mwanga wa jua ulikuwa umepenya katikati yake na kuuangukia ungo. Picha ilikuwa nzuri mno, na kwa kuwa ilikuwa nzuri mno, tuliishuku. Mmoja wetu alisema kwamba simu za siku hizi hujitengenezea mwanga zenyewe. Mwingine alisema kwamba ukungu ule ulitiwa baadaye. Wa tatu hakuwa na hakika, lakini alinyamaza. Tukaipa alama 7 kati ya 20. Nafasi ya kwanza tukaipa picha ya filamu iliyoonyesha ng'ombe akikamuliwa, picha ya wastani tu, kwa hoja kwamba mpigaji wake "ametumia kamera halisi".

Baada ya siku chache, mwalimu wa darasa la mtoto yule alitualika tuitazame ile simu. Ndani yake tulikuta picha 23 za bibi yule yule, zilizopigwa katika asubuhi nne. Asubuhi ya kwanza mtoto aliielekeza simu kwenye jua, na bibi akawa kivuli kitupu. Asubuhi ya pili alihamia upande wa jiko, lakini paa la bati likang'aa na kuyavuta macho yote. Asubuhi ya tatu hapakuwa na ukungu. Ya nne ndiyo ile aliyotuletea. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pembeni. Tulipomwomba radhi hakulia wala hakununa. Aliuliza tu: "Kwa hiyo, mwalimu, ningeipiga vibaya kidogo mngeniamini?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii ni jibu lililochelewa.

Vyombo Viwili, Kazi Moja

Ili mwamuzi asidanganywe na chombo, sharti akijue jinsi kinavyofanya kazi. Kamera zote, ya filamu na ya dijitali, ni kisanduku chenye giza ndani. Mwanga huingia kwa kupitia lenzi, kwa muda uliopimwa, na kuangukia kitu kinachoweza kuupokea. Tofauti yao kubwa ni hicho kinachoupokea mwanga.

Katika kamera ya filamu, mwanga huangukia utepe wa plastiki uliopakwa jelatini yenye chumvi za madini ya fedha. Chumvi hizo hubadilika zinapoguswa na mwanga, lakini badiliko hilo halionekani kwa macho mpaka filamu isafishwe kwa dawa. Kinachopatikana aghalabu ni negativu, ambamo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe. Kutokana na negativu hiyo ndipo picha huchapwa kwenye karatasi. Filamu iliyozoeleka zaidi ina vipande vyenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36, na mkanda mmoja kwa kawaida hutoa picha 36.

Katika kamera ya dijitali, mahali pa filamu pamewekwa kihisi chenye vidoa vingi vidogo sana vinavyopima mwanga na kuugeuza kuwa tarakimu. Kamera ya kwanza ya aina hiyo iliyoshikika mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Picha yake ilikuwa na vidoa 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Leo simu ya kawaida hupima mamilioni ya vidoa kwa kufumba na kufumbua.

Kutokana na tofauti hiyo hutokea mambo manne yanayoweza kumpotosha mwamuzi.

La kwanza ni idadi ya majaribio. Mwenye filamu ana picha 36, na kila moja inamgharimu fedha. Mwenye simu aweza kupiga mia kwa asubuhi moja.

La pili ni wakati wa kuona matokeo. Mwenye simu huliona kosa lake papo hapo na kulisahihisha. Mwenye filamu hulijua kosa lake baada ya siku au majuma. Katika mkoa wetu huu huu wa Kigoma, Hugo van Lawick alifika Gombe mwaka 1962 kuwapiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Hakuwa na njia ya kutazama pale pale msituni kama picha aliyoipiga imetokea ama imeharibika. Ilimbidi ajue kwa akili yale ambayo mtoto wa leo huyaona kwa macho.

La tatu ni sura ya dosari. Filamu iliyopata mwanga hafifu huonyesha chembechembe, na wengi wetu tumezoea kuziona chembechembe hizo kuwa ni uzuri wa kale. Picha ya simu iliyopigwa gizani nayo huonyesha madoa ya rangi rangi, na hayo twayaita uchafu. Aidha, filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi, ilhali picha ya dijitali iliyozidiwa na mwanga hubakia nyeupe tupu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo dosari moja huhesabiwa kuwa pambo kwa mmoja na aibu kwa mwingine.

La nne ni msaada wa mashine. Ni kweli kwamba simu nyingi huchukua picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja, zikasawazisha mwanga na giza. Lakini mwenye filamu naye hakufanya kazi kwa mikono mitupu. Studio iliyomchapia picha ilimrekebishia rangi na mwanga, na mara nyingi yeye mwenyewe hakujua. Msaada huo haukuwa wa haki kwa watu wote. Kwa miaka mingi mashine za kuchapa picha za rangi zilirekebishwa kwa kulinganishwa na kadi ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Wapigapicha waliziita kadi hizo "Shirley". Matokeo yake, nyuso za watu weusi zilitoka zimefifia, macho na meno tu yakionekana wazi. Mwamuzi anayemwondolea mtoto alama kwa sababu uso wa mama yake umekuwa mweusi mno katika picha ya zamani, hana budi kujiuliza kwanza kama kosa ni la mtoto au la kadi.

Je, Filamu Haisemi Uongo?

Msingi wa kosa letu ulikuwa imani kwamba filamu ni ushahidi na dijitali ni hila. Imani hiyo haina mizizi.

Katika mji wa Lamu, kwenye pwani ya Kenya, Omar Said Bakor alikuwa na studio ambamo alitengeneza picha za kuunganisha. Alikata na kupanga vipande vya picha mbalimbali hata mtu akaonekana mahali ambapo hakupata kuwapo. Wateja wake walijua hivyo na walizipenda picha zake. Alifanya kazi hiyo kwa filamu, mkasi na ustadi wa mkono, zamani kabla ya simu za mkononi kuingia nchi zetu. Huo haukuwa udanganyifu, maana hapana aliyeambiwa kwamba ni vinginevyo.

Mfano wa udanganyifu ni mwingine. Mwaka 2009, José Luis Rodríguez wa Hispania alipewa zawadi ya juu katika shindano la kila mwaka la picha za wanyamapori linaloendeshwa kutoka Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London. Picha yake ilionyesha mbwamwitu akiruka lango usiku. Ilipigwa kwa filamu, na hapakuwa na kitu kilichoongezwa wala kufutwa. Hata hivyo, mwezi Januari 2010 waamuzi waliiondoa, kwa kuwa waliridhika kwamba yamkini mbwamwitu yule alikuwa mnyama wa kufugwa aliyefunzwa kuruka. Mpigapicha alikana. Jambo la kuzingatia ni kwamba filamu yenyewe haikuwa na ila. Shaka ilikuwa nje ya kamera.

Katika mwaka huo huo wa 2010, shindano la World Press Photo lenye makao yake Amsterdam lilimwondoa mshindi mmoja, Stepan Rudik wa Ukraine. Yeye alitumia kamera ya dijitali. Alikuwa amepunguza sana kingo za picha yake na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, na kwa hayo hakuadhibiwa. Aliadhibiwa kwa kufuta kipande kidogo cha mguu wa mtu kilichojitokeza nyuma. Waamuzi walilijuaje hilo? Waliomba faili ya asili iliyotoka katika kamera, wakailinganisha na picha iliyoshindanishwa.

Na mwaka 2024 yalitokea ya ajabu zaidi. Miles Astray aliingiza picha halisi ya heroe, ndege kama wale wa Ziwa Natron, katika kundi la shindano lililotengwa kwa picha zilizoundwa kwa akili mnemba. Ndege huyo alikuwa amekiinamisha kichwa akijikuna tumboni, hata akaonekana hana kichwa. Waamuzi waliipa nafasi ya tatu, na watu waliopiga kura wakaipa ya kwanza, wote wakidhani kwamba imeundwa na kompyuta. Mwenyewe alipofichua ukweli, aliondolewa, na akakubali kuwa ni haki kuondolewa. Mwaka mmoja kabla yake, Boris Eldagsen wa Ujerumani alikuwa amefanya kinyume chake: picha yake iliyoundwa kwa akili mnemba ilishinda kundi moja la shindano la Sony, naye akaikataa zawadi.

Somo la mifano hii ni moja. Jicho la mwamuzi, hata awe bingwa, haliwezi kutambua ukweli wa picha kwa kuitazama tu. Ikiwa waamuzi wa London na wa Amsterdam walihitaji ushahidi wa nje ya picha, sisi wa Kasulu na Kibondo tulipata wapi ujasiri wa kumhukumu mtoto kwa kuutazama ukungu?

Hatua za Kufuata

Kutokana na hayo, tunapendekeza hatua zifuatazo. Tumezigawa katika sehemu tatu: kabla ya mashindano, wakati wa kutoa alama, na baada ya kutoa alama.

(a) Kabla ya mashindano

Kwanza, tangaza mada na jedwali la alama siku ile ile unayotangaza mashindano. Mwanafunzi asiyejua anapimwa kwa nini ni kama msafiri asiyejua aendako.

Pili, taja waziwazi yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, kwa maneno yanayovihusu vyombo vyote viwili. Kupunguza kingo, kuongeza au kupunguza mwanga, na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe ni mambo yaliyofanyika katika chumba cha giza tangu zamani. Basi yaruhusiwe pia katika simu. Kuongeza au kufuta kitu katika picha kusiruhusiwe kwa yeyote, awe na mkasi au awe na programu. Msaada ambao simu huutoa yenyewe wakati wa kupiga usihesabiwe kuwa kosa, kama vile marekebisho ya studio yasivyohesabiwa.

Tatu, weka kikomo cha majaribio ikiwa shule ndiyo inayotoa chombo. Mathalani, simu moja ya shule ikizungushwa, kila mwanafunzi aruhusiwe kupiga picha 5 tu. Kikomo hicho hufundisha uvumilivu na kufikiri kabla ya kubonyeza, jambo ambalo ndilo fadhila kubwa ya filamu.

Nne, sisitiza idhini ya anayepigwa picha. Katika wilaya zetu wapo majirani wanaoishi katika kambi za wakimbizi, kama ile ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na wapo watu ambao kuonekana kwao kwaweza kuwaletea madhara. Picha iliyopigwa kwa siri isipokewe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Tano, pokea picha kwa njia isiyoziharibu. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na maelezo ya tarehe na chombo yaliyofichika ndani yake hupotea. Ni afadhali kuihamisha kwa kadi ya kumbukumbu au kwa waya, na simu irudishwe kwa mwenyewe ikiwa na faili ya asili ndani yake.

(b) Wakati wa kutoa alama

Kwanza, zifanye picha zote zifanane kwa umbo. Zichapwe mahali pamoja, kwenye karatasi ya aina moja, kwa ukubwa mmoja. Ukubwa wa inchi 4 kwa 6 unatosha, nao huzifanya kamera nyingi kuwa sawa. Tuhesabu pamoja: uchapaji mzuri huhitaji vidoa 300 kwa kila inchi, basi inchi 4 ni vidoa 1,200 na inchi 6 ni vidoa 1,800. Tukizidisha twapata vidoa 2,160,000, yaani kama megapikseli 2 hivi. Simu nyingi, hata zilizotumika miaka mingi, zinafikisha kiasi hicho. Ikiwa fedha za kuchapa hazipo, picha zote zitazamwe katika kioo kimoja, na zile za filamu zinakiliwe kwanza ziingie humo. Picha isikatwe ili ienee karatasi: ya filamu ina uwiano wa 3 kwa 2 na ya simu mara nyingi 4 kwa 3, kwa hiyo achia ukingo mweupe panapobaki nafasi.

Pili, ondoa majina na vyombo, weka namba. Hili ndilo lililotuangusha sisi. Tulisoma maelezo ya chini kabla ya kuitazama picha. Orodha ya namba na majina ishikwe na mtu asiyetoa alama.

Tatu, changanya picha. Zisipangwe za filamu upande mmoja na za simu upande mwingine, maana mwamuzi ataanza kushindanisha makundi badala ya kazi.

Nne, waamuzi wawili au zaidi watoe alama kila mmoja peke yake, bila kuzungumza. Alama zao zikipishana kwa zaidi ya 4 kati ya 20, wakae na kuelezana sababu. Siku ile, lau yule mwamuzi wa tatu angekuwa ameandika alama yake kabla ya kutusikia, kunyamaza kwake kusingetupotezea hukumu.

(c) Baada ya kutoa alama

Hapo ndipo ushahidi uombwe, na uombwe kwa wote waliofikia nafasi za juu, si kwa yule tu tunayemshuku. Mwenye filamu alete negativu. Mwenye simu alete faili ya asili, na ikiwezekana picha alizopiga kabla na baada ya ile. Kumwomba mmoja na kumwacha mwingine ni kumtuhumu mbele ya wenzake. Kuwaomba wote ni utaratibu, na utaratibu haumwaibishi mtu.

Mfano wa Kutoa Alama

Tutumie jedwali lenye alama 20, kama ifuatavyo: kutimiza mada, alama 6, mpangilio wa vitu katika picha, alama 5, matumizi ya mwanga, alama 5, ukamilishaji, yaani ukali, usafi na uchapaji, alama 4.

Tuseme tuna picha Na. 7. Inaonyesha kijana akisukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kwenye mlima wa udongo mwekundu. Uzito unaonekana katika mgongo wake. Picha ina ukungu kidogo pembeni, na si kali. Tunatoa: mada 5, mpangilio 4, mwanga 3, ukamilishaji 2. Jumla 14.

Picha Na. 12 inaonyesha watu wakiteka maji bombani. Ni safi na kali sana, lakini watu wamesimama kama wanaosubiri kupigwa picha, na kazi yenyewe haionekani. Tunatoa: mada 3, mpangilio 3, mwanga 4, ukamilishaji 4. Jumla 14.

Wamelingana. Ikiwa tulitangaza mapema kwamba wanaolingana watatenganishwa kwa alama ya mada, basi Na. 7 inashinda. Mwanachuo pengine amekwisha kubashiri kwamba Na. 7 ni ya filamu na Na. 12 ni ya simu. Katika mfano wetu ni kinyume: Na. 7 ilipigwa kwa simu ambayo lenzi yake imekwaruzika, na Na. 12 kwa kamera nzuri ya filamu. Ikiwa habari hiyo imekufanya utamani kubadilisha alama, basi umejionea kwa nini majina ya vyombo hufichwa.

Swali Gumu

Wanachuo wengi huuliza: je, si haki kumwongezea alama aliyetumia filamu, kwa kuwa kazi yake ni ngumu zaidi? Na wengine huuliza kinyume: je, si haki kumwongezea maskini aliyeazima simu mbovu?

Maswali yote mawili yanatoka katika moyo mwema, lakini jibu letu ni hapana. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Shamba hupimwa kwa mavuno na kwa usafi wa matuta, wala hatumpi mtu debe la mahindi kwa kuwa jembe lake lilikuwa butu. Tukianza kutoa alama kwa ajili ya ugumu wa chombo, tutakuwa tunapima kamera na mfuko wa mzazi, na mtoto mwenyewe atabaki bila kupimwa.

Hata hivyo, methali hiyo isitufanye tuwe wagumu wa roho. Mwalimu asiyeongeza alama ana wajibu wa kupunguza vizuizi kabla ya kazi kuanza. Atafute simu moja ya kuzunguka. Apange zamu. Awape nafasi wale wasio na chombo nyumbani. Agharimie uchapaji kwa wote au kwa hakuna. Usawa hutengenezwa kabla ya mashindano. Haki hutolewa wakati wa kusahihisha. Mwalimu anayeuchelewesha usawa akijaribu kuulipia kwa alama, huharibu vyote viwili.

Kuhusu kuyatenga makundi mawili, filamu peke yake na dijitali peke yake, maoni yetu ni haya. Ikiwa shabaha ni kupima namna mtoto anavyoona na kueleza jambo, kundi liwe moja. Ikiwa shabaha ni kupima ufundi wa chombo chenyewe, kama vile kusafisha filamu, makundi yatengwe, maana kazi zinazopimwa ni tofauti. Lakini kutenga kundi la filamu lenye washiriki wawili au watatu, kila mmoja akapata zawadi, ni heshima ya bandia, na watoto huitambua upesi.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba filamu na dijitali ni vyombo viwili vya kazi moja, kwamba hakuna hata kimoja kinachothibitisha ukweli peke yake, na kwamba haki hutokana na utaratibu uliotangazwa mapema na kufuatwa kwa wote. Mwalimu atakayeuzoea utaratibu huu katika picha, ataona kwamba ni ule ule unaohitajika katika insha, katika ufumaji wa vikapu na katika bustani ya shule.

Kazi nzuri kuliko tulivyotarajia kwa mtoto ni jambo la kuulizia, si la kuadhibu. Mwulize amefanyaje. Mwache aonyeshe hatua zake. Mara nyingi utakuta asubuhi nne za kazi mahali ulipodhani pana hila. Na hata ukiikuta hila, utakuwa umeikuta kwa ushahidi.

Mtoto yule aliyetuuliza swali alistahili kuulizwa na sisi kwanza.

Maswali ya Majadiliano

1. Katika shule yako ya mazoezi kuna simu 2 na wanafunzi 30 wanaotaka kushiriki. Panga zamu na kikomo cha majaribio kwa juma moja.

2. Mwanafunzi ameleta picha ambamo amefuta waya wa umeme uliopita juu ya nyumba. Wenzake wanasema ni kosa dogo. Utaamuaje, na utamweleza nini?

3. Tunga jedwali la alama 20 kwa ajili ya mashindano ya kuchora, ambamo wengine wana rangi za dukani na wengine wametumia mkaa na udongo. Eleza ni sehemu gani za makala hii zimekusaidia.